Mwaka Asumini Ilipong'olewa

Mama alipotimiza siku arobaini kaburini, tulikutana sote watatu katika nyumba ile ya Mji wa Kale, Mombasa, mimi na dada yangu Zuhura na kaka yetu Athmani, na hapo ndipo nilipotanabahi kwamba hatukuwahi kulala pamoja chini ya dari lile tangu mwaka ambao mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Tulikuwa tukija, lakini kila mtu kwa wakati wake. Athmani alikuja kwa likizo zake za Maskati, Zuhura alitoka Malindi na watoto wake, nami nilivuka mji kila Ijumaa kutoka kwenye fleti yangu ya Ganjoni. Hata Baba alipofariki, Athmani alifika matanga yameshaanuliwa. Basi jioni ile, hitima imekwisha, sufuria za kukodi zimerudishwa na majirani wameshuka ngazi mmoja mmoja wakitupa pole kwa mara ya mwisho, tulibaki ukumbini juu, watu watatu wenye mvi, na hakuna aliyejua aanzie wapi. Kisha Athmani akauliza, kama mtu anayeulizia jambo la jana: "Hivi ile asumini ya Mama, ni nani aliyeing'oa?" Yeye hakuwapo wakati ule. Nikamjibu mara moja kwamba ni Baba, maana nilikuwa nimelijua jambo hilo kwa miaka arobaini, kama nijuavyo jina langu. Zuhura akaweka kikombe chake chini. "Si hivyo," akasema. Aliyotwambia baada ya hapo nitayaeleza mahali pake, kwani bila ya kuujua mwaka wenyewe hayatakuwa na maana.

Watu hawaamini nikiwaambia kuwa nimelelewa na wakulima. Mtu wa Mji wa Kale hudhaniwa kuwa mfanyabiashara, au sonara, au mwalimu wa chuo cha Kurani, na jembe huonekana kama kitu cha watu wengine. Lakini wakati ule nyumba kadhaa za mtaani kwetu zilikuwa na mashamba ng'ambo ya daraja, na letu lilikuwa Kisauni. Baba aliondoka kila siku baada ya sala ya alfajiri kwa baiskeli, Athmani nyuma yake kwa baiskeli nyingine, na walirudi na nazi, mchicha, tambuu zilizofungwa kwa majani ya mgomba, na udongo kwenye kucha ambao Mama aliwakataza kupanda nao ngazi. Upande wa kisima palikuwa na kipande kidogo cha ardhi, si kikubwa kuliko kumbi nne tano kama huu wetu, na kipande hicho kilikuwa cha Mama. Alikipanda asumini mwaka alioolewa, kwa vipando alivyopewa na mama yake, na hakuna aliyediriki kukata hata kijiti humo bila ya kumwambia.

Asumini haikupi nafasi. Ukiichuma asubuhi, ya jana imekwisha funguka na kulegea na ya leo haijajaa bado. Saa yake ni alasiri, tumba likiwa jeupe na limevimba lakini limejifunga, na lazima ifike mjini kabla ya magharibi ili ifungukie kichwani mwa mtu wala si kwenye kapu. Kwa hivyo kila siku, jua au mvua, tukishamaliza chakula cha mchana, sisi wanawake watatu tulivaa mabuibui yetu tukapanda basi kwenda Kisauni. Tulichuma kwa ncha za vidole, bila kuzungumza sana, kisha tukafunga matumba katika kitambaa cha bafta kilicholowa maji, tukarudi. Pale ukumbini Mama aliyamwaga kwenye sinia kubwa la shaba, na kutunga kukaanza. Tulitengeneza vikuba, vile vishada vya kujipamba vya asumini na rehani na kipande cha mkadi, na mara nyingine makoja ya kuvishwa shingoni harusini. Dirisha letu lilitazama kichochoro chembamba kiasi kwamba mama jirani aliweza kutupatia bakuli la futari kwa mkono bila ya kutoka kwake, na maneno ya nyumba yake yote yalituingilia, na yetu bila shaka yalimwingilia yeye. Nilijifunza mambo mengi ya dunia nikiwa na sindano mkononi, nimeinamisha kichwa, nikijifanya sisikii. Saa kumi na mbili hodi zilianza chini, watoto wa mtaani wakimwita Mama: "Bi Rehema, Mama ataka vikuba viwili." Nyumba nzima ilinukia. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba magharibi yenyewe ndiyo yenye harufu ile, popote duniani.

Athmani ndiye aliyetangulia kuondoka. Ilikuwa mfunguo mosi, Idd haijapita wiki, na tulikuwa tunakula muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Akasema, bila ya kumtazama mtu, kwamba binamu yake Baba aliyeko Maskati amempatia kazi. Mama akasita na tonge mkononi. Baba aliendelea kula.

"Kazi gani?" akauliza.

"Bandarini, Baba. Karani wa ghala."

"Utakaa kivulini?"

"Ndiyo, Baba. Ni ndani."

"Basi, Mungu akuwekee kheri," Baba akasema, akamsogezea kipande cha samaki kilichokuwa mbele yake.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yote. Miaka mingi nilidhani Baba hakujali. Sasa, baada ya kuwaona wanangu mwenyewe wakikaa mezani na kuniambia habari za namna hiyo huku macho yao yako kwenye sahani, najua kwamba mtu anaweza kuwa na mengi ya kusema na akachagua kusogeza samaki. Athmani alipokwisha ondoka, Baba alimweka Kazungu, jirani yetu wa shamba, amsaidie kukwea minazi, na ile baiskeli ya pili ikaegemezwa ukutani chini ya ngazi. Kila nilipopita niliigonga kwa goti, na hakuna aliyefikiria kuihamisha.

Mfunguo tatu ukawa ndio mwezi wa harusi ya Zuhura. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa huko Malindi, mtu mpole mwenye sauti ndogo, na sisi sote tulimpenda isipokuwa mimi, niliyemchukia kwa sababu ya kumchukua dada yangu. Kwa siku tatu Mama hakuuza hata ua moja. Akawaambia waliobisha hodi kwamba asumini ya wiki ile ina mwenyewe. Ukumbi ulijaa shangazi na majirani, masinia manne badala ya moja, na wanawake wakatunga huku wakimtania bibi harusi kwa maneno ambayo mimi sikutakiwa kuyasikia na niliyasikia yote. Walizitandaza asumini kitandani, wakazisuka nyweleni, wakazining'iniza hata kwenye chandarua. Nilimkuta Zuhura jikoni peke yake, hina mikononi, amesimama karibu na mafiga kama aliyesahau alichofuata.

"Sasa mutachuma wawili tu," akaniambia.

"Tutaweza."

"Mama magoti yake si mazima. Hasemi, lakini si mazima. Usimwache ainame sana."

Nilimwahidi. Ahadi ile niliichukua kwa uzito mkubwa kuliko alivyokusudia, na baadaye nikaitumia vibaya.

Siku ya kwanza baada ya harusi tulikwenda Kisauni mimi na Mama, mikono minne mahali pa mikono sita. Tulichuma mpaka jua likakaribia kuanguka na bado theluthi ya matumba ilikuwa juu ya vichaka, nayo ikaanza kufunguka mbele ya macho yetu. Mama akaketi kwenye ukingo wa kisima, akajisugua magoti, akacheka. "Haya, leo nyuki nao wana harusi yao," akasema. Lakini kesho yake ilikuwa vilevile, na keshokutwa. Nilianza kuondoka nyumbani mapema, nikamwachia yeye vichaka vifupi vya pembeni, nikachuma mbio, vidole vikiwa na utomvu na mikwaruzo. Jioni wanawake waliokuja kununua walinisifu. Walimwambia Mama kwamba amebahatika, kwamba mabinti wa siku hizi hawatulii, na huyu wako ametulia. Nilikaa na sinia langu nikiyameza maneno yale kama halwa. Sitaficha kwamba yalikuwa matamu.

Barua ya chuo cha ualimu ilikuja wakati huo. Aliyenisukuma kuomba nafasi alikuwa Mwalimu Nafula, mwalimu wangu wa jiografia, mwanamke wa kutoka bara aliyekaa Buxton na mumewe aliyefanya kazi reli. Alikuwa amenijazia fomu kwa kalamu yake mwenyewe kwenye meza ya chumba cha walimu, nami niliitikia kwa kuwa sikuwahi kumkatalia kitu. Chuo kilikuwa bara, mbali, sehemu za baridi. Barua zetu zilipitia kwa muuza halwa wa Ndia Kuu, ambaye sanduku lake la posta lilitumiwa na nusu ya mtaa. Akanikabidhi bahasha, nikaisoma nimesimama kwenye ngazi zetu, kwenye ile kona yenye giza kati ya chini na juu. Nimekubaliwa. Nikaikunja mara nne, nikaiweka chini ya godoro, nikapanda ukumbini nikatunga asumini. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya magoti ya Mama. Nilijiambia kwamba Baba amebaki na Kazungu tu. Nilijiambia kwamba nilimwahidi Zuhura. Kila nilipojiambia hivyo nilijiona mtu mwema zaidi, na kila siku iliyopita ilikuwa rahisi zaidi kuisahau ile bahasha.

Ijumaa moja wakati wa likizo za shule, Baba akiwa nyumbani anajitayarisha kwa sala, nilisikia hodi ya kiganja kizima kwenye mlango wa chini, na nilipofungua nikamkuta Mwalimu Nafula amefunga leso kichwani kwa heshima ya mtaa. Hakuniuliza kitu. Akasema tu, "Wazazi wako wapo?" Mama akamkaribisha juu, akamkalisha kwenye kiti kizuri, wakasabahiana kirefu, habari za nyumbani, za watoto, za mzee wa nyumba, kisha nikatumwa chai. Niliporudi na sinia nilisimama kwenye kona ya ngazi.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya Mwanaisha," Mwalimu alikuwa akisema. "Nafasi yake chuoni itapewa mtu mwingine mwisho wa mwezi huu. Mpaka leo hajajibu."

"Nafasi gani, Mwalimu?" Baba akauliza.

Nilisikia kijiko cha mama jirani kikigonga sufuria upande wa pili wa kichochoro, kisha kikanyamaza.

"Samahani," Mwalimu akasema. "Nilidhani nyinyi mumemkataza. Nimekuja nimejitayarisha kuwasihi."

"Hatukumkataza," Baba akasema. "Hatuna habari."

"Barua imekuja?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama, tulivu sana.

"Imekuja zamani, Bi Rehema. Nakala yake imefika shuleni."

Nikashuka vidato vitatu kimyakimya, kisha nikapanda tena nikikanyaga kwa nguvu ili wajue naja. Nikaweka sinia. Mwalimu akanitazama kwa macho ambayo sikuweza kuyakabili, Mama akammiminia chai ya tangawizi, na mazungumzo yakageukia bei ya nyumba za Buxton na mvua. Hakuna aliyenigombeza. Mgeni alipoondoka, Baba alikwenda msikitini. Mchana tulikula wali na mchuzi wa pweza, na kitu pekee alichosema ni kwamba mwalimu wangu ni mtu mzuri. Ningependelea anipige.

Kesho yake asubuhi Baba akaniambia nisiende shamba kwa siku chache. Alisema kisima kinafukuliwa na kila mahali ni matope. Mama ndiye atakwenda, awapikie Kazungu na wenzake. Nilishangaa kidogo kwamba mwenye magoti mabaya ndiye anayekwenda na mimi mzima nabaki, lakini nilikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu, sikuuliza. Nilifagia, nikapika, nikasikiliza redio. Jioni walirudi pamoja, wamechoka, na hakuna hata mmoja aliyebeba kitambaa cha bafta. Waliobisha hodi kutaka vikuba Mama aliwaambia kwamba wiki hii hapana. Mikono ya Baba ilikuwa imechanika. Alikula, akalala mapema. Siku ya nne akaniambia, "Leo twende."

Tulifika saa tisa, saa ya kuchuma. Nilipopita mnazi wa mwisho nilidhani tumeingia shamba la watu. Pale kisimani palikuwa peupe. Vichaka vyote vilikuwa vimeng'olewa, vimelundikwa pembeni mizizi juu, na juu ya lundo lile, kwenye matawi yaliyokwisha katwa, baadhi ya matumba yalikuwa bado yanavimba kwa kuwa saa yao imefika. Udongo ulikuwa umelimwa matuta, na kwenye matuta kumechomekwa vipande vya miti ya muhogo kwa safu zilizonyooka. Kisima kilikuwa kama kilivyokuwa siku zote. Hakuna aliyekifukua.

"Kumekuwaje, Baba?"

"Tumeing'oa," akasema. Nakumbuka sasa kwamba alisema *tumeing'oa*. Wakati ule sikulisikia.

"Mama yuwajua?"

"Yuwajua."

"Na sasa?"

"Sasa ni muhogo. Muhogo haukuulizi saa. Ukiuvuna leo ni sawa, ukiuvuna mwezi ujao ni sawa. Mimi na mamako na Kazungu twauweza."

Nilisema maneno mengi. Nilisema kwamba nilikuwa nimeamua kubaki, kwamba nilifanya hivyo kwa ajili yao, kwa ajili ya magoti ya Mama, kwamba Athmani ameondoka na Zuhura ameondoka na mtu mmoja hana budi kubaki, na kwamba hakuna aliyeniuliza. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amesimama na jembe lake.

"Mwanaisha," akasema, "ungekuwa wabaki kwa kulipenda shamba, ningekuachia lote, na nduguzo wasingesema kitu. Lakini mtu anayebaki kwa kupenda hafichi barua. Weye waogopa. Basi sasa udhuru umeondoka. Ukitaka kubaki, baki, lakini sema kwamba waogopa."

Nilimwacha pale nikatoka kwa miguu, nikavuka daraja huku upepo ukinivutavuta buibui, nikafika mjini jua linazama, na njia nzima nililia kwa hasira, kwa sababu alisema kweli. Nilikuwa nikiogopa. Niliogopa baridi, na chakula nisichokijua, na watu ambao wangenicheka nikisalimia kama tusalimiavyo kwetu, na zaidi ya yote niliogopa kuwa mahali ambapo hakuna anayejua kwamba mimi ni binti mwema wa Bi Rehema. Ndani ya ukumbi ule nilikuwa mtu. Nje yake sikujua nitakuwa nani.

Nilimnunia Baba. Nilimwamkia kwa adabu, nikambusu mkono kama kawaida, nikampakulia chakula, na zaidi ya hapo sikumpa neno. Mama nilimwonea huruma kubwa. Alasiri ikifika alikaa ukumbini kama aliyezoea, na sinia liko ukutani, na mikono yake imetulia mapajani. Hodi za magharibi ziliendelea kwa wiki kadhaa, kisha zikapungua. "Hatuna tena, mwanangu," alikuwa akisema dirishani, "mwambie mamako aniwie radhi." Nikimwangalia nilimhukumu Baba upya. Kitu alichokipanda mwanamke mwaka wa harusi yake, kwa vipando vya mama yake aliyekwisha kufa, mtu akakifyeka ili kumshinda binti yake katika mabishano. Hivyo ndivyo nilivyolielewa jambo lile. Niliijibu barua ya chuo kwa hasira hiyo, nikafunga sanduku kwa hasira hiyo. Na ingawa mimi na Baba tulipatana baadaye, na nilimpenda mpaka siku ya mwisho wake, palikuwa na sehemu ndogo ya moyo wangu ambayo haikumsamehe, naye nadhani alijua.

Sasa nitasema alichotwambia Zuhura jioni ile ya arobaini. Alisema Mama alimhadithia mwenyewe, mwaka ambao mtoto wa kwanza wa Zuhura aliondoka nyumbani, na akamtaka asilitoe jambo hilo wakati wa uhai wake. Usiku wa ile Ijumaa aliyokuja Mwalimu Nafula, Mama ndiye aliyesema asumini ing'olewe. Baba alikataa. Alisema atanisema, atanilazimisha, lakini shamba la mke wake hatalitia panga. Asubuhi alikwenda naye hata hivyo, akashika panga, akazunguka vichaka mara mbili, akarudi kisimani akaketi. Alisema mkono haumwendei. Basi Mama akavua buibui, akajifunga leso kiunoni, akapiga magoti kwenye mchanga, magoti yaleyale, akakata shina la kwanza. Akakata na la pili. Kufika la tatu Baba akainuka akamnyang'anya panga, na kuanzia hapo akafanya kazi yote mwenyewe, siku tatu, bila ya kumruhusu Mama aguse tena, na bila ya kumruhusu Kazungu asaidie.

"Na mbona hakunambia?" nilimwuliza Zuhura. "Miaka yote hii. Kila Ijumaa nilikuwa hapa."

"Nilimwuliza hilo," Zuhura akasema. "Mama alisema hivi: Mwanaisha akimkasirikia babake ataondoka. Akinikasirikia mimi atabaki, ili anibembeleze."

Athmani alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemsikia mama yake akizungumza, kisha akajifuta macho kwa shati. Mimi sikulia pale. Nililia siku ya pili, nyumbani kwangu Ganjoni, nikiwa nimesimama jikoni nasubiri maji yachemke. Nilikuwa nikifikiria jinsi watu wawili walivyokaa mezani pamoja kwa miaka ishirini na zaidi baada ya pale, mmoja amebeba lawama isiyokuwa yake na mwingine amebeba siri, na kila Ijumaa wakinipakulia wali na kuniuliza habari za wanafunzi wangu. Shamba lenyewe halipo tena. Baba alilima muhogo wake mpaka nguvu zikamwishia, kisha likauzwa, na sasa pale kisimani kuna nyumba za ghorofa zenye nguo kwenye roshani. Nilipita mara moja nikashindwa kutambua hata mahali lango lilipokuwa.

Siku niliyoondoka kwenda chuoni mwaka ule, Baba na Mama walinisindikiza stesheni ya reli wote wawili. Mama hakuwa mtu wa kwenda stesheni, lakini alikuja, akapanda mpaka ndani ya behewa kuangalia nitakapokaa. Mbele yangu palikuwa na mwanamke wa makamo, muuguzi anayerudi kwao bara kwa likizo, amekwisha panga vikapu vyake. Mama akamsalimu, akamwuliza habari za safari, kisha akamwambia:

"Mwanangu huyu hajalala nje ya kisiwa hata siku moja. Baridi haijui. Nakuomba umtazame mpaka mutakapoachana."

"Usiwe na wasiwasi, mama," yule muuguzi akasema. "Na mimi wangu wawili wako mbali. Kuna mtu anawatazama huko."

Mama akamshika mkono akakaa nao kwa muda kabla ya kuuachia. Alipokuwa akiteremka magoti yalimpa taabu, akakataa nimshike. Baba alikuwa amesimama chini, mbele ya dirisha langu, na kofia yake ya vito, ile ya kutariziwa, mkononi. Nilishuka nikambusu mkono. Akaniuliza kama sweta liko juu au limo ndani kabisa ya sanduku. Nikasema liko juu. Akasema vizuri. Gari la moshi lilipoanza kwenda aliandamana nalo kidogo, kama mtu mwenye jambo amelisahau, kisha akasimama. Mama hakusogea pale alipokuwa. Hakupunga mkono wala hakujifuta macho, alisimama wima kabisa, na mimi nikadhani kwamba amechoka.

Barua ya kwanza ya Baba ilinifikia katikati ya muhula. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama waandikavyo wazee wa kwetu, na wasichana wa bwenini walikusanyika wakidhani nimeletewa dua. Nilikuwa nimevaa sweta na shuka juu yake, na bado nasikia baridi, na kwa wiki tano nilikuwa nimekula vyakula ambavyo sikuvizoea huku nikihesabu siku. Aliandika kwamba Athmani ameleta salamu na ni mzima. Zuhura yu mjamzito, nisimwambie kuwa nimeambiwa. Muhogo umeshika, mvua bado. Kisha akaandika: "Mamako asema usije kabla ya likizo, hata ukishikwa na hamu ya kwenu. Mimi nasema, ukipata ruhusa njoo, hata kwa siku mbili. Lakini msikilize mamako."

Ruhusa nilikuwa nimekwisha iomba. Siku mbili kabla ya barua ile nilikwenda kwa mkuu wa chuo, nikatunga maneno kuhusu ugonjwa nyumbani, naye akanipa karatasi yenye muhuri ya kuniruhusu kusafiri Ijumaa. Nilikuwa nimekwisha toa nguo zangu kabatini, na moyoni nilijua kwamba nikishafika Mombasa sitarudi tena. Niliisoma barua ya Baba mara ya pili, nikiwa nimesimama dirishani. Kisha nikavaa viatu, nikavuka uwanja wenye ukungu, nikabisha hodi ofisini. Mkuu wa chuo akaniuliza kama hali ya nyumbani imekuwa mbaya zaidi. Nikamrudishia karatasi yake. Nikamwambia kwamba nyumbani ni wazima wote, kwamba nilikuwa naogopa tu, na kwamba nitakwenda wakati wa likizo pamoja na wenzangu.